Damu ya mzee

Mama wa bibi harusi amerudi, mara ya tatu wiki hii. Shikamoo yangu haiitikii mpaka aketi, na akishaketi anachomoa kwenye pochi kipande cha kitambaa, anakibandika kwenye skrini ya kompyuta yangu.

“Baba, mimi nilisema damu ya mzee. Hii ni zambarau. Watu hamsini niliwavalisha zambarau mimi?”

Aliyeipa rangi hiyo jina hakunifikiria mimi mpiga picha. Mzee yupi? Damu ilimtoka lini? Kompyuta inataka namba. Sisi tunayo ugoro, maji ya kunde na damu ya mzee, na mimi ndiye mkalimani.

Nilidhani dawa ni kupiga picha ghafi. Tuliambiwa JPEG kamera imeshaipika, wewe chukua ghafi ujipikie. Sawa. Lakini ukiifungua, kwa sekunde moja inatokea picha nzuri ajabu, nyuso zinang’aa: ni nakala ndogo iliyopikwa na kamera, imefichwa humo humo. Kisha programu inaitupa, inaweka ya kwake, na ukumbi mzima unapauka kana kwamba wametangaziwa kuwa pilau imeisha.

Kosa langu lilikuwa kujaribu kumwelimisha. Nikamwambia kamera yenyewe haijui rangi. Juu ya kihisi chake kuna vichujio vidogo vidogo, mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: nusu ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu. Kila nukta inaona rangi moja tu. Mbili zilizobaki programu inazikisia kwa kuchungulia majirani.

Akanyamaza kidogo. “Kwa hiyo theluthi mbili ya harusi ya mwanangu umekisia?”

Hesabu yake ni sahihi, na hilo ndilo linaloniuma.

Ningevumilia kukisia, ila taa! Balbu ya kizamani ilikuwa na adabu: Kelvin 2,700 hivi, mwanga wa manjano, unairekebisha picha unakwenda kulala. Siku hizi DJ anakuja na taa za LED, kila kiitikio na rangi yake. Kwenye bluu tupu hakuna wekundu wa kitambaa kuakisi, basi damu ya mzee inakuwa nyeusi, na wekundu ambao haukuwepo siwezi kuupika hata nikikesha. Picha zilizotoka zambarau angalau zilionja waridi kidogo. Mimi naona nimemtendea wema. Yeye anaona nimemwibia.

Kadi ya kijivu ninayo, msiniulize. Anaishika mtu, unapiga picha moja, baadaye unaionyesha programu: hiki ni kijivu, vingine vyote jipangeni hapo. Jioni ile nilimpa shangazi mmoja aishike. Nilipogeuka kurekebisha lenzi, akaiandika jina lake na “ahadi: 50,000”, akanirudishia. Alidhani kamati bado inachangisha.

Basi nikaketi na mama, kitambaa mezani, tukaanza kuvuta. Gauni likikubali, uso wa baba mzazi unakataa. Mzee wa watu ni maji ya kunde. Nikiongeza wekundu anakuwa kaa wa kuchemsha, nikipunguza anakuwa maiti. Ikabidi nizungushie magauni peke yake, moja moja, watu hamsini. Saa tatu zilipita. Mwishowe akaweka kitambaa kwenye skrini, akakiondoa, akakirudisha. “Hapo sasa.” Nikahifadhi haraka kabla hajapepesa macho.

Akatoka. Dakika mbili hazikupita, akarudi na dada yake aliyekuwa akimsubiri nje, naye kavaa sare ileile. Humu ndani, chini ya tyubulaiti yangu, gauni na kitambaa vilikuwa pacha. Tukatoka wote watatu hadi kibarazani. Juani kitambaa cha mama kilikuwa kimegeuka kahawia, na gauni la dada limebaki jekundu. Doti za siku mbili, majora mawili, dukani zimelinganishwa chini ya taa.

Mama alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka.

“Baba, hebu vipige picha hivi viwili, nimpelekee muuzaji. Ila tafadhali, safari hii rangi itoke kama ilivyo.”