Imeingia, Haijakubali

Ukitaka kujua mtaa wenu una mafundi wangapi, ngoja monita igome kuonyesha picha. Aliyekuja kuazima pasi ataiweka chini na kutangaza kwamba tatizo ni ramu. Muuza maji atasema ni virusi. Na hakuna atakayeondoka kabla hajashika kitu.

Yangu ilikuwa monita ya mtumba kutoka Kariakoo, zile zilizostaafu maofisini ughaibuni. Mgongoni ilikuwa na matundu mawili: VGA, mzee wa mwaka 1987 mwenye vishimo 15, na DisplayPort, kijana aliyekatwa pembe moja. Kompyuta yangu mpakato, kwa upande wake, haina lolote ila HDMI. Muuzaji hakubabaika. Alitoa waya wenye kichwa cha HDMI huku na cha DisplayPort kule. Nikamuuliza kama utafanya kazi.

"Bosi, ukiingia si ndiyo umekubali?"

Nyumbani ukaingia kweli, pande zote mbili. Monita ikawasha taa, ikaandika kwamba haioni ishara yoyote, ikalala zake.

Jopo likakutana sebuleni. Jirani alitaka tufungue kompyuta, tusugue ramu kwa kifutio cha penseli. Mwanangu alibonyeza vitufe vya monita kutafuta pa kuchagulia tundu, akafanikiwa kugeuza menyu yote kuwa ya Kichina. Shemeji akaamuru waya uchomolewe upulizwe. Akavuta, ukakaa. Akakanyaga mguu wa meza, akavuta tena. Kichwa cha DisplayPort kina vindoano viwili vidogo vinavyong'ata tundu, na haviachii mpaka ubonyeze kitufe kilicho juu yake. Shemeji hana habari za vitufe. Alikuwa ameshaagiza koleo.

Aliyetuokoa ni binti anayetengeneza kompyuta mtaa wa pili. Hakugusa kitu. Aliutazama waya, akautazama umati, akasema, "Huu ni wa kwenda tu, haurudi."

Akaeleza. Kompyuta nyingi zenye DisplayPort zinaweza kutoa ishara ya HDMI kupitia tundu hilohilo, kwa hiyo waya kama ule huitoa picha kwenye kompyuta ya DisplayPort na kuipeleka kwenye skrini ya HDMI. Mimi nilikuwa nadai kinyume chake. HDMI haijui kujigeuza DisplayPort. Inahitaji kifaa maalumu cha kugeuza ishara, ambacho mara nyingi hudai na umeme wake pembeni. Bei yake ilikuwa inakaribia ya monita.

Badala yake alinichomekea adapta ndogo ya HDMI kwenda VGA, akafungia na waya mnene wa kichwa cha buluu, ule wa skrubu mbili. Picha ikatokea palepale. Herufi zina ukungu kidogo, lakini zinasomeka, na menyu bado ni ya Kichina.

Waya wangu wa Kariakoo nilimpa Shemeji auondoe machoni pangu. Yeye ana kompyuta ya mezani yenye DisplayPort na televisheni yenye HDMI. Aliuchomeka, ukafanya kazi mara ya kwanza. Sasa ukoo mzima unampigia simu yeye kila kompyuta inapogoma, na huwa anafika mapema, koleo mfukoni.