Sifa za Deni, Mkuu wa Kaya

Agosti 2022, makarani wa sensa walipopita mlango kwa mlango wakiuliza mkuu wa kaya ni nani, akina baba wengi walikohoa kidogo wakajibu, "Mimi hapa." Tuwasamehe. Kishikwambi cha karani hakikuwa na nafasi ya jibu la kweli. Mkuu wa kaya ni yule anayeamua leo kupikwe nini, nani anunuliwe viatu vya shule na nani avumilie hadi Juni, feni izimwe saa ngapi, na kama Krismasi mtakwenda kijijini au mtapiga simu tu. Kwa kipimo hicho, nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, zinaongozwa na Deni. Halewi, hana nyumba ndogo, na hajawahi kulala nje hata usiku mmoja. Namshangaa anayemsema vibaya.

Serikali yenyewe inamheshimu. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi, baada ya makato yote, abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Watu husema hiyo ni kinga ya mfanyakazi. Hebu isome kwa upande wa pili: theluthi mbili ni himaya halali ya Deni na jamaa zake. Chukua mwalimu wa sekondari mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Kodi ya mapato 68,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inachukua asilimia 15, yaani 120,000, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Zamani ilikuwa asilimia 8. Zimebaki 548,000. Sasa inakuja benki, iliyompa mkopo wa kuezeka nyumba ambayo hadi leo haina madirisha, inakata 280,000. Mwalimu anapokea 268,000, na theluthi ya mshahara wake ni 266,667. Afisa mikopo kambakizia elfu moja na mia tatu na ushee za kupumulia. Yuko wapi fundi cherehani anayejua kukata kitambaa kwa kubana namna hii? Na hapo nimemtoa mwalimu kwenye chama cha wafanyakazi ili hesabu itoke.

Hizo 268,000 ukizigawa kwa siku thelathini hazifiki elfu tisa kwa siku, na ndipo kipaji cha Deni kinapoonekana. Daktari wa kliniki ya presha ametuhubiria miaka nenda miaka rudi: punguzeni nyama nyekundu, punguzeni sukari na mafuta, tembeeni kwa miguu. Tulimwitikia "sawa daktari" tukapitia kwa mchoma mishikaki. Deni kasema mara moja tu. Siku hizi nyama tunaikuta kwenye shughuli za watu, chai inanywewa kavu kwa jina la afya, na baba, akifika pa kubadili daladala, anashuka na kumalizia kwa miguu. Mchicha, dagaa na maharage vimerudishiwa heshima yao. Kama Wizara ya Afya inatafuta balozi wa lishe bora, balozi huyu hapa, na halipwi posho. Yeye ndiye anayelipwa.

Lakini umtazame Deni akiwa kazini kwenye daftari la Mangi, mwenye duka la mtaani. Ni kaunta buku lenye jalada lililolowa mafuta, limefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na peni imechomekwa katikati. Majina ya kwenye vitambulisho hayana kazi humo ndani. Humo kuna Mama Pacha, Teacha, Fundi Friji, Chumba cha Nyuma. Chini ya Teacha imeandikwa: unga 1, mafuta 500, sabuni kipande, vocha 1,000, mafuta 500, mafuta 500. Juu ya daftari hilohilo, kwenye ukuta, kimening'inia kibao: "Leo kulipa, kesho kukopa." Mangi huandika deni la leo akiwa amekipa mgongo.

Hayo mafuta ya mia tano yanahitaji sifa zake peke yake. Mwenye hela hununua dumu la lita tano, akajifungia ndani, akamaliza wiki kadhaa hajasalimiana na mtu. Mdaiwa anapimiwa kwenye kipimo kidogo na kumiminiwa katika kifuko cha nailoni, anapita dukani asubuhi na jioni, anajua nani mgonjwa na nani kahama usiku. Ni kweli kwamba ukijumlisha mia tano zote za mwezi, dumu lingenunuliwa na chenji ikabaki. Ila dumu linataka hela yote siku moja, na hela yote siku moja ndicho kitu ambacho Deni, kwa busara zake, hajaruhusu kiingie nyumbani. Mkaa ni hivyohivyo: wa kopo ni ghali kuliko wa gunia, na kila siku tunanunua wa kopo. Umaskini una bei yake ya rejareja, na tunailipa kwa uaminifu mkubwa kuliko matajiri wanavyolipa ya jumla.

Nimefika kwa kausha damu, na hapa sifa zinanikaukia mdomoni. Nitajitahidi. Hawa wakopeshaji wa marejesho ya kila siku au kila wiki angalau wamepewa na mtaa jina lisilodanganya. Ukiwakosea huja kwa kundi, na wakiondoka na televisheni, kochi na godoro, sebule inakuwa pana ajabu, watoto wanapata uwanja. Wenzao wa kwenye simu ni wapole zaidi: wanakusaidia kukumbukwa. Ukichelewa siku mbili, ujumbe wenye jina lako unamfikia shemeji, bosi, na yule mwalimu wako wa darasa la saba ambaye hamjaongea tangu uoe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Programu sitini na tisa! Hakuna mjomba anayejali kiasi hicho.

Mfaransa Rabelais, mwaka 1546, alimpa mhusika wake Panurge hotuba ndefu ya kusifu madeni: kwamba mdaiwa hakosi watu wa kumwombea uhai, maana akifa hela yao imekwenda. Panurge alikuwa na akili, ila hakuwahi kuhudhuria kikoba cha Jumamosi, ambako mama anaweka hisa kwa hela aliyokopa kwa jirani, anakopa kikoba amalize kausha damu, na hisa ya Jumamosi ijayo bado inamsubiri. Wala hakuwahi kusimama kwenye maziko yetu. Kwa Waislamu, kabla ya kuswaliwa, hutangazwa kwamba anayemdai marehemu awaone jamaa zake, na katika mirathi madeni hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu. Watu wanaomwombea mdaiwa uhai hawaishii hapo. Wanamsindikiza hadi makaburini, na wanarudi nyumbani kwake pamoja na wafiwa.

Wapo wanaotamani siku ya kumaliza. Nilishuhudia nyumba moja iliyomaliza deni la benki. Mshahara ukatoka mnene, na wasijue wafanye nini. Baba akanunua nyama siku tatu mfululizo, mama akasema hizo hela zilikuwa za madirisha, baba akauliza madirisha yana haraka gani, na nyumba iliyokuwa imekaa kwa amani miaka sita, kwa kuwa hapakuwa na cha kugombania, ikawaka moto. Wiki ya pili walikuwa benki, wamevaa nguo za kanisani. Afisa mikopo akawaagizia soda, akatabasamu, akauliza wangependa mkopo wa miaka mitano au saba. Mama akauliza kama hakuna wa minane.