Nani Amekwambia Habari za Gunia?

Wengi wetu tuliosoma Kenya tulifundishwa kubuni hadithi na insha ya mtihani. KCPE ilikupa dakika 40 na alama 40. KCSE nayo ikakutaka uandike kisa cha kuthibitisha ukweli wa methali. Tukakariri majogoo wa kuwika, ndege wa kumsifu Muumba na jua la kuchomoza kwa madaha. Hapa Masimba asubuhi nyingine ukungu hutanda hadi huoni migomba ya jirani, lakini katika daftari zetu jua halikukosa hata siku moja. Mhusika naye alikuwa yatima, akateswa na mama wa kambo, akasoma kwa bidii, akawa daktari. Hakuna aliyewahi kuuliza mtoto huyo ni wa boma gani, kwa sababu hakufanana na mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa.

Taabu ilianza nilipotaka kuandika hadithi zenye watu.

Kwanza, jina. Simama stendi ya Masimba uite "Moraa!" Atageuka Moraa wa kibanda cha ndizi, Moraa aliyepakiwa kwenye bodaboda na Moraa wa shule ya msingi, kisha bibi kizee atakuuliza unamtakia nini mjukuu wake. Nikaona heri nimwite mhusika wangu Nyakundi, kwa kuwa akina Nyakundi ni wengi mno kwa mmoja wao kujishuku. Nikamfanya mzee bahili, mkulima wa majani chai, anayeificha bonasi ndani ya gunia la mahindi mkewe asiione. Bonasi kuu ya chai hulipwa mara moja kwa mwaka, na kwa viwango vya huku kwetu hata haihitaji gunia, mfuko wa shati unatosha. Lakini hadithi ni hadithi.

Nikaipeleka saiba ipigwe chapa. Kijana wa pale alikuwa na foleni ya watu wa picha za pasipoti na fomu za kodi, na ili wasichoke kungoja, akawa anasoma kwa sauti kila ukurasa anaoupiga. Nilikuwa nje nikijikinga mvua ya alasiri. Nilisikia kicheko, nikafurahi kwamba Masimba kuna watu wachangamfu. Kufikia jioni Nyakundi alikuwa ameshafika Keroka na mimi bado nipo Masimba natafuta usafiri.

Kesho yake alfajiri mzee jirani yangu alikuwa langoni, gambuti miguuni, bakora mkononi.

"Mwalimu, nani amekwambia habari za gunia?"

"Mzee wangu, gunia gani? Ile ni hadithi. Nimeibuni."

"Umebuni na kiraka cha buluu?"

Kiraka hicho nilikishona mwenyewe, kwa kalamu, usiku, kwa sababu gunia tupu lilikuwa halionekani machoni. Sikujua kwamba lipo jingine kama hilo hatua chache kutoka ninapolala, wala kwamba mama wa boma lile alikuwa tangu jana akiyapapasa magunia yote ya ghala moja baada ya jingine.

Nikambadilisha Nyakundi. Nikamwondoa kwenye chai nikampa kahawa. Wakaja wa kahawa. Nikamtia kilema cha mguu. Mchungaji mmoja anayechechemea akahubiri Jumapili kuhusu ulimi na moto, akinitazama mimi. Nikamhamishia Mombasa, nikamvalisha kikoi, nikamfanya mvuvi asiyejua hata chai inamea vipi. Wiki haikuisha, simu ikalia kutoka Likoni: shemeji wa mtu fulani wa Gesusu anataka kujua nimetumwa na nani.

Nilijipoza kwa kukumbuka kwamba hata serikali iliwahi kuingia mtego huu. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya ya Matigari kwa Kikuyu mwaka 1986. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wapelelezi waliripoti kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchi akiuliza habari za ukweli na haki, na amri ikatoka akamatwe. Walipong'amua kwamba mtuhumiwa ni wa kitabuni, Februari 1987 wakakikamata kitabu. Mimi wapelelezi wangu ni akina mama wa sokoni, na hao hawahitaji amri ya mtu.

Na tusijifanye wageni wa jambo hili. Tulipoisoma Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996, tulimfuata Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale, na bwenini tukabishana kama siku moja tunaweza kukutana naye njiani. Hakuna aliyetaka kuambiwa kwamba Ken Walibora amemtunga. Yatima wetu wa mitihani, aliyekuwa na machozi mara mbili ya Kongowea, hatukumtafuta popote.

Aliyenichosha kuliko wote hata hivyo si mzee wa gunia. Ni mwendeshaji bodaboda wa stendi aliyekuja kulalamika kwamba hayumo.

"Mwalimu, mimi nimekubeba miaka yote hiyo, hata mstari mmoja hukunipa?"

Nikamwahidi nafasi. Akataka awe na pikipiki mpya, mke mrefu, na asianguke popote. Nikamweleza kwamba mtu wa aina hiyo hana hadithi, ana tangazo la biashara. Siku hizi ananitoza nauli ya mgeni.

Basi nimeacha kuapa kwamba nimebuni. Hadithi ikikamilika, naipeleka saiba kwa kijana yuleyule, saa ileile ya foleni, halafu naenda nyumbani kungoja wenye kesi. Akija mmoja na bakora, najua kuna mhusika aliyesimama kwa miguu yake. Wakija watatu kugombea mhusika mmoja, nawakaribisha chai. Hii ya mwisho imesomwa foleni nzima, watu wakasema ni nzuri sana, ina mafunzo, na langoni hajaja mtu. Naiandika upya.