Jasho la Mipigo 64

Katika kumbi za miji midogo ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, jioni ya ngoma ya kontra huanza kwa utulivu wa kudanganya. Watu wamevaa viatu laini na kujipanga safu mbili ndefu zinazotazamana. Fidla inakazwa nyuzi, piano inajaribiwa. Jukwaani amesimama mtu mwenye kipaza sauti mkono mmoja na rundo la kadi mkono wa pili. Huyo ndiye mwita hatua. Kazi yake ni kuwaambia watu wazima, wengi wao hawajuani hata kwa jina, waende wapi, wamshike nani na wamwachie lini. Akiwa mzoefu, hakuna anayemkumbuka. Akiwa mwanagenzi, ukumbi mzima humkodolea macho, naye huona kila jicho.

Kwa hesabu, ngoma yenyewe si ngumu. Muziki una sehemu mbili, kila moja hupigwa mara mbili, na mzunguko mzima una mipigo 64. Ndani ya mipigo hiyo jozi mbili hucheza pamoja: hushikana mikono, huzungushana, hupishana. Kisha kila jozi husogea nafasi moja, moja ikishuka safu na nyingine ikipanda, zikutane na majirani wapya na kuanza upya. Mwendo ni mipigo 110 hadi 120 kwa dakika, maana yake mzunguko huchukua kama nusu dakika. Mtu mwenye haraka ya kukosea hapati uwanja mzuri kuliko huo.

Adui wa kwanza wa mwanagenzi ni wakati. Wito unatakiwa umalizike kabla hatua haijaanza, ukae ndani ya mipigo michache ya mwisho ya hatua iliyotangulia. Mwita hatua ni kama konda wa daladala: ataje kituo kabla gari halijafika, maana akikitaja likiwa limeshapita, abiria hana la kufanya ila kulalama. Mwanagenzi huwatazama wachezaji, huvutiwa nao, na kwa kuvutiwa hujikuta anasimulia wanachokifanya sasa hivi. “Mnazungushana!” anasema, nao kweli wanazungushana, wote wana furaha. Halafu mipigo inakwisha, watu wanasimama mikono hewani wakingoja neno, na neno lenyewe liko kwenye kadi ambayo ameshaiweka chini ya rundo.

Wapo walioanza bila hata hiyo kadi. Ralph Page, ambaye baadaye alikuwa mwita hatua mashuhuri wa New Hampshire na akachapisha jarida lake, Northern Junket, kuanzia 1949 hadi 1984, aliitwa jukwaani mara ya kwanza mwaka 1930 huko Stoddard kwa sababu mwita hatua aliyepangwa usiku ule alikuwa amekaukiwa na sauti. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa shule: koo la mwingine liharibike, wewe upande.

Na ukirudi nyuma zaidi, mwanagenzi wa leo hana budi kuona haya kidogo. Ulaya wachezaji walifundishwa ngoma nzima mapema na mwalimu, wakaikariri, wakaenda kuicheza bila kuitiwa. Mtafiti Phil Jamison, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu ngoma za milima ya Appalachia, anaonyesha kwamba desturi ya kuita hatua muziki ukiendelea inatokana na wapiga fidla Weusi wa Marekani, wengi wao watumwa, waliokuwa wakipiga kwenye dansi za mabwana zao. Mtu mmoja alishika fidla kidevuni, akakokota upinde kwa mkono wa kulia, na papo hapo akawaongoza wachezaji kwa sauti. Mwanagenzi wetu ana bendi nzima inayompigia, ana kipaza sauti, ana maandishi, na bado anasahau kama wanaanza kwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Siku hizi mafunzo yapo. Mwita hatua Tony Parkes alitoa kitabu cha kufundishia uitaji mwaka 1992, na chama cha Country Dance and Song Society, kilichoanzishwa mwaka 1915, husaidia waita hatua wachanga kwa kozi na kambi. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, na wanaoumia ni watu wa nyumba. Mwanagenzi huita huku akiosha vyombo. Huita akiendesha gari. Mezani huchukua kichupa cha chumvi na cha pilipili kama jozi moja, vikombe viwili kama jozi ya pili, akavisogeza ili aone nani anaishia wapi. Anayeomba chumvi wakati huo huambiwa asubiri, kwani chumvi iko katikati ya safu na bado haijarudi kwa mwenzake.

Kisha inakuja jioni yenyewe. Kwa kawaida mwanagenzi hukaribishwa na mlezi wake aite ngoma moja au mbili katikati ya programu ya wengine, wakati watu wameshapata joto na hawajachoka. Kabla ya muziki kuna kutembea hatua polepole ili kila mtu ajue njia. Hapo ndipo penye mtego. Mlezi amemwambia aseme maneno machache. Yeye amekuja na hotuba. Anaeleza hatua, anaeleza sababu ya hatua, anamtaja aliyeitunga na ngoma nyingine zinazofanana nayo. Wazoefu wanaanza kupiga soga za watoto na bustani. Wageni wanasikiliza kwa makini, na kadiri wanavyosikiliza ndivyo wanavyozidi kupotea.

Anapojaribu kuwaokoa, anatumia neno baya kuliko yote: “Msizungushane bado!” Katika ukumbi wenye kelele, sauti ya kukataza humezwa na kinachosikika ni mzizi wa kitenzi tu. Nusu ya ukumbi inazungushana. Walezi wote hufundisha kwamba mwita hatua aseme la kufanya, asiseme la kuacha, na karibu kila mwanagenzi hulielewa somo hilo siku anapoyasababisha mwenyewe mafuriko ya watu wanaozunguka.

Kushoto na kulia ni balaa la aina yake. Aliye jukwaani anawatazama wachezaji uso kwa uso, hivyo kushoto kwao ni kulia kwake. Akinyoosha mkono kuonyesha njia, anaonyesha kinyume cha anachosema, na watu hugawanyika kati ya wanaoamini masikio na wanaoamini macho. Juu ya hayo, vikundi vingi vimeacha kuwaita wachezaji mabwana na mabibi, kwa kuwa yeyote anaweza kucheza upande wowote; badala yake hutumia majina ya ndege, larki kwa anayesimama kushoto na robini kwa aliye kulia. Utaratibu mzuri, na mimi naona umerahisisha mengi. Ila aliyecheza miaka mingi kwa majina ya zamani huteleza, akasema “mabibi,” akashtuka, akaomba radhi kwenye kipaza sauti. Radhi hiyo ya kiungwana inachukua mipigo minane. Mipigo minane ni hatua nzima.

Mlezi naye ana mtihani wake. Ameketi pembeni, anaona kosa linakuja mizunguko miwili kabla halijafika, na mikono inamwasha. Wapo waliozoea kuingia safuni wacheze, wakasaidia kimya kimya kwa kumsukuma jirani bega aelekee panapostahili. Wapo wanaoondoka kwenda kunywa maji, maana wakibaki watapanda jukwaani. Walezi wabaya hupanda kweli, wakanyakua kipaza sauti, wakaiokoa ngoma na kumwua mwita hatua. Mlezi mwema husubiri mpaka ngoma iishe, kisha humpa neno moja tu la kufanyia kazi, ijapokuwa ameandika kumi na mawili nyuma ya tiketi.

Mojawapo ya maneno hayo huwa juu ya kujinasua. Ukumbi ukivurugika kabisa, safu zikawa mduara na mduara ukawa soko, mwita hatua mwenye akili haanzi kueleza. Anasema kila mtu amtafute mwenzake na wazungushane. Hatua hiyo haina mwanzo maalumu wala mwisho, inapendwa na wote, na watu wakishakuwa na wenzao mikononi husahau kwamba walikuwa wamepotea. Ikibidi, safu zote ziende mbele na kurudi nyuma, na wakati zinarudi yeye apate nafasi ya kuisoma kadi.

La kuwashinda wengi, hata hivyo, ni kunyamaza. Baada ya mizunguko kadhaa miguu imeshaijua njia, na mwita hatua anapaswa kupunguza maneno: kwanza jina la hatua tu, halafu neno moja katika mzunguko, halafu kimya, muziki uchukue. Mwanagenzi huogopa kimya hicho. Akiachia, anadhani, wataanguka wote. Basi anaendelea kuwaita watu ambao wameacha kumsikiliza zamani, sauti ikikwaruza, huku bendi ikimtazama na kungoja ishara ya kumaliza. Ishara nayo imepangwa: vidole vitatu maana yake mizunguko mitatu imebaki. Yeye ameinua vidole vitatu kwa sababu anahesabu robini. Bendi inakaza mwendo, inamaliza kwa kishindo, na wachezaji wanaachwa hatua mbili mbali na wenzi wao.

Wanapiga makofi hata hivyo. Umati wa kontra una huruma ya ajabu, kwa kuwa wengi wao waliwahi kujaribu, na waliobaki wanaogopa siku moja wataombwa.

Mwanagenzi akivumilia, baadaye hupewa jioni nzima, ngoma kumi na kitu, na aipange mwenyewe ili hatua zisijirudie na wageni wasizidiwe. Jioni hiyo kwa desturi hufungwa kwa waltz, ambayo kila jozi hucheza ipendavyo na haihitaji mwita hatua hata kidogo. Anaitangaza, muziki unaanza, watu wanaelea. Na wapo ambao, wamesimama pale jukwaani na kipaza sauti bado mkononi, huanza kuhesabu, “moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu,” mpaka mpiga piano anyooshe mkono wa kushoto na kuuzima mtambo.