Kitufe Kisichouliza Swali

Dar es Salaam hakuna taa ya dashibodi inayokosa mganga. Mlinzi wa getini kwetu anashauri uchomoe terminali ya betri, unywe chai, kisha uirudishe. Jirani yangu mhasibu anatumia selotepu nyeusi, na siku hizi dashibodi yake haina habari mbaya hata moja.

Yangu iliwaka Tegeta, nikimpeleka shangazi Bunju. Taa ya njano, mchoro wa bakuli lenye mdomo wazi na alama ya mshangao katikati. Shangazi akavaa miwani, akaiinamia, akatoa hukumu: "Hii sufuria hii. Maji yamekauka." Hubishani na shangazi ndani ya gari aliloliombea dua likiwa bado bandarini. Nikaegesha, tukafungua boneti, tukaangalia maji. Yamejaa. "Basi oili," akasema. Oili nayo ipo. Kijana wa bodaboda aliyesimama kututazama ndiye aliyetuokoa: "Dada, hiyo ya upepo." Akayapiga teke matairi yote, akasema yako fiti, akaondoka.

Taa hii si urembo. Wamarekani waliipitishia sheria mwaka 2000, baada ya watu wengi kufa katika ajali za Ford Explorer zilizokuwa na matairi ya Firestone yaliyobanduka njiani. Tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa kule lazima liwe nayo. Ulaya ikayabana magari madogo mapya yote Novemba 2014. Sisi wa mtumba wa Japani tunapata tulichopangiwa na meli.

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani. Fundi pancha niliyempelekea gari alikitazama, akaokota namba pekee iliyosomeka: "Mia mbili thelathini!" Akaachia mpira wa kompresa. "Dada, hapo tairi linatua Bagamoyo, sisi tunabaki na rimu." Nikamweleza kwamba hizo ni kilopaskali, agawanye kwa saba, apate kama 33 za geji yake. Akakubali shingo upande, akajaza 35, maana 33 kwake ni ubahili. Taa ikaendelea kuwaka. Fundi akaitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wateja.

Magari mengine yana kihisi ndani ya kila tairi, nyuma ya nozeli, kinachorusha taarifa kwa redio. Betri yake ikichoka, baada ya miaka mitano hadi kumi hivi, kwa kawaida hubadilishi betri, unanunua kihisi kizima. Ukisikia bei ndipo utakapomheshimu jirani yangu na selotepu yake. Langu halina anasa hiyo. Linatumia vihisi vya breki za ABS kuhesabu mizunguko: tairi lililopungua upepo linakuwa fupi kidogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta inamwona huyo mwenye pupa. Yakipungua yote manne kwa maelewano, taa haina neno.

Na dawa yake ni kitufe. Kiko chini ya usukani, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Gari limesimama, swichi umewasha bila kupiga stata, unakibonyeza na kukishikilia mpaka taa ipepese mara tatu. Nilibonyeza, ikapepesa, fundi akapiga makofi. Mimi nilibaki na mashaka. Kitufe kile hakipimi kitu. Ukishabonyeza, gari linachukulia kwamba matairi yako sawa, na kuanzia hapo upepo wowote uliomo, uwe 33 au 13, ndio kipimo cha haki. Kufungua akaunti ya benki mjini hapa wanataka kitambulisho. Gari la mamilioni linatosheka na kidole.

Baada ya kidole linataka darasa. Kitabu cha gari langu kinasema uendeshe kwa kilomita 40 kwa saa au zaidi, kwa muda wa kutosha, ili lijifunze upya. Aliyeandika hayo hajawahi kutoka Mwenge saa kumi na moja jioni. Ikabidi nitoke alfajiri kwenye Barabara ya Bagamoyo, ambako nako kuna kibao cha 50 na askari mwenye tochi nyuma ya mwembe. Nikalisomesha gari langu kati ya 40 na 50, daladala zikinipita kwa honi, hadi kondakta mmoja akachungulia na kuuliza kama nimebeba mayai.

Baadaye nilirudi kwa fundi, safari hii kwa ajili ya msumari. Kwenye mwarobaini wake palitundikwa kipande cha boksi: TUNAZIMA TAA ZA TAIRI, 5000. Mteja yuko kwenye kiti cha abiria anachezea simu. Fundi amejikunja chini ya usukani, taa inapepesa, noti inabadili mfuko. Kompresa imezimwa. Tairi la nyuma kushoto la gari lile limekaa kitako kabisa.

"Fundi, upepo umepima?"

"Taa imezima, dada," akasema, akijifuta mikono. "Unapima nini tena?"