Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya Kuhusu Milango ya Magari Yenu

Mheshimiwa Inspekta Jenerali,

Nakuandikia kuhusu ufundi wa magari, si siasa. Usiku wa 1 Agosti 2021, askari waliokuwa wakitekeleza kafyu ya korona katika soko la Kianjokoma, Kaunti ya Embu, waliwakamata ndugu wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine 19. Kosa lao lilikuwa kuonekana nje baada ya saa nne usiku, wakati ambapo virusi, kwa ratiba ya serikali, vilikuwa vikiingia zamu. Tarehe 3 familia iliyokuwa ikiwatafuta iliwakuta mochari mjini Embu. Polisi wakaeleza kwamba vijana hao waliruka kutoka kwenye gari likiwa mwendoni. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na ya mbavu, na katikati ya mwezi huo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaagiza askari sita washtakiwe kwa mauaji. Nani alitenda nini ni la mahakama. Mimi, kwa kuiheshimu sare, nitayachukua maelezo ya kwanza jinsi yalivyotolewa.

Tukiyachukua hivyo, basi polisi wana magari yanayomwaga raia barabarani, na bado hatujasikia agizo la kuyapeleka gereji. Tena washukiwa wenyewe ni wa ajabu. Adhabu ya kuvunja kafyu haikuzidi faini ya shilingi 10,000 au kifungo cha miezi mitatu, au vyote viwili. Tunaombwa kuamini kwamba vijana wawili walipiga hesabu gizani wakaona lami ni nafuu kuliko faini. Haya, na tuamini. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema nguvu ya polisi ikimjeruhi mtu, askari waliopo wampe huduma ya matibabu papo hapo na wawajulishe jamaa zake. Sioni kwa nini aliyeanguka mwenyewe kutoka kwenye gari lenu astahili pungufu ya hapo. Kwa hiyo hata maelezo yanayowapendelea askari kuliko yote yanawaacha na deni: kwa nini familia iwe ya kutafuta, badala ya kutafutwa?

Ofisi yako itajibu kwamba ilikuwa dharura, askari ni wachache, raia ni wakaidi. Sibishi. Korona iliua kweli, na kuwazuia watu majumbani usiku hakukuwa upuuzi. Mahakama Kuu yenyewe ilikataa kuifuta kafyu tarehe 16 Aprili 2020. Lakini katika hukumu hiyohiyo ilisema kwamba kutumia nguvu kupita kiasi kuitekeleza ni kinyume cha Katiba. Maana yake uamuzi mgumu ulishafanywa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Kianjokoma, mchana, na watu waliokuwa wamekaa. Daktari mwenye mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa wawili ana mtihani wa maadili. Askari aliyemshika mvunja kafyu ana kitabu cha matukio (OB) cha kuandika. Na asiseme alitumwa na mkubwa wake, kwani Jedwali hilohilo linakataa amri ya mkubwa kuwa kisingizio cha nguvu haramu.

Embu inaijua dharura tangu ile iliyotangazwa 20 Oktoba 1952. Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, huko chini kwenye Mto Tana, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Lazima nikiri kwamba uhuru umeleta maendeleo: wakati ule maji yalilaumiwa, sasa tunalaumu milango.

Ombi langu, Mheshimiwa, halihitaji bajeti ya nyongeza. Chapisha Jedwali la Sita kwa herufi kubwa na ulibandike ndani ya mlango wa nyuma wa kila gari la polisi, liweze kusomwa na aliyekamatwa na aliyemkamata. Mkishamaliza, mkaguzi apite kuangalia kama komeo zinafunga.