Wamefika Kila Sayari, Nairobi Bado

Mtcheew! Niacheni niseme kabla kahawa haijapoa. Watu wana chombo kinachokimbia kuupita mwanga. Wana mashine inayomyeyusha mtu hapa na kumuunda upya sayari nyingine, na nguo zake mwilini. Wameshatua kwenye barafu, kwenye majangwa, kwenye dunia za watu wa kijani. Lakini tangu Septemba 1966 wameshindwa kumpeleka binti yetu Uhura kwao Nairobi, hata kwa dakika tano! Hilo ndilo lililotugombanisha hapa njiapanda ya Dumila, magari ya Kilosa yanapoachana na barabara ya Dodoma, tena tukagombana mpaka bingwa wetu wa drafti akaliwa kingi huku anabishana.

Sizini yenyewe ni Star Trek: Strange New Worlds, kitukuu cha ile Star Trek ya zamani. Ilianza kuoneshwa Marekani Mei 2022. Huku kwetu imeingia kwa njia tunayoijua wote: flashi. Kijana anayerusha muvi pale jirani na fundi simu alimjazia mwenye kibanda umiza, naye akaiweka mchana wa jua kali, saa ambazo hakuna mpira, kwa wateja wanaosubiri nyanya zao zipakiwe. Tatizo likawa lugha. Waliokulia na kanda za Lufufu, yule DJ wa kutafsiri muvi, wanajua raha ya muvi kuelezwa, kila adui akapewa jina la mtaani na kila ngumi ikapewa sababu yake. Nakala iliyotufikia haina DJ, kwa hiyo kazi akatwishwa dereva bodaboda mmoja aliyemaliza kidato cha sita. Nusu anatafsiri, nusu anatunga. Spock, yule mwenye masikio ya ncha, kwa maelezo yake ni "mtu wa mahesabu, hana huruma lakini hana roho mbaya". Mimi sijasikia uchambuzi wa Spock unaoshinda huo.

Sasa, sheria ya kibanda ni moja: steringi hafi. Ndiyo maana kapteni wa humu, Christopher Pike, aliwavuruga watu. Pike ana mikosi hata nje ya hadithi. Ile filamu ya kwanza kabisa ya majaribio, The Cage, steringi alikuwa yeye, akiigizwa na Jeffrey Hunter. Wakubwa wa kituo cha NBC wakaikataa. Ikatengenezwa nyingine, Hunter hayumo, kiti kakalia Kapteni Kirk wa William Shatner, na dunia ikamjua Kirk. Kanda ya Pike haikutupwa. Mwaka 1966 vipande vyake vikachomekwa ndani ya hadithi ya sehemu mbili iitwayo The Menagerie, na humo Pike akatokea akiwa hafai baada ya ajali: uso umeungua, mwili wote umo ndani ya kiti cha mashine, anajibu kwa taa tu. Ikiwaka mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Basi hawa wa sasa wamerudi nyuma ya ajali, wamemleta Pike mzima, nywele zimesimama kama za bwana harusi (Anson Mount ndiye mwenye nywele hizo), kisha wakamtwisha mzigo: ajali yake yote ameshaoneshwa. Anajua itakuja, anajua uso wake utakuwaje.

Na anapika. Kafunga aproni, kakunja mikono ya shati, anawapakulia vijana wake chakula chumbani kwake.

"Kapteni gani anashika mwiko?" alisonya dereva wa Fuso anayebeba vitunguu kwenda Dar. "Mimi utingo wangu hajawahi kuniona hata nabandika chai."

Mama anayetuuzia kahawa hakugeuka. "Ndiyo maana kila wiki una utingo mwingine, baba."

Niko upande wa mwiko, na sioni haya. Muvi za anga nyingi zinatupa chuma kigombane na chuma mpaka umeme wa kibanda unachoka. Humu kuna mtu anayejua siku yake ya kuharibikiwa na bado anauliza nani aongezwe mboga. Ukishaona hivyo huhitaji hotuba ya ushujaa.

Ni kwenye meza hiyohiyo tunapomjua Uhura, sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, inayoitwa Children of the Comet. Bado ni kadeti mgeni. Rubani wa chombo, Ortegas, kamdanganya kwamba kwa kapteni watu huenda na sare ya sherehe. Binti anaingia kanyooka, vifungo mpaka shingoni, na wenzake wote wamevaa za kawaida, glasi mkononi. Kibanda kilicheka, ila kicheko cha watu waliowahi kufanyiwa hivyohivyo siku ya kwanza ya kazi. Halafu kapteni anamuuliza maisha, na Uhura anaeleza taratibu: wazazi wake walikuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na yeye alikuwa aende kusoma hapohapo. Ajali ya chombo ikawachukua baba, mama na kaka yake. Chuo kikamshinda hata kukiangalia. Akakimbilia kwa bibi yake, aliyekuwa mtu wa jeshi la anga, na ndivyo alivyojikuta humo, wala hana hakika kama ndipo mahali pake. Meza yote imenyamaza. Bodaboda wetu naye aliacha kutunga, akatafsiri neno kwa neno.

Wasiomjua Uhura wa kwanza hawawezi kupima uzito wa maneno hayo. Huyo alikuwa Nichelle Nichols. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, zimwi linalonyonya watu chumvi linajigeuza kijana mweusi mtanashati na kumsemesha Uhura Kiswahili ili limnase. Mwaka uliofuata, katika The Changeling, mashine inamfuta akili yote. Wanapomfundisha kusoma upya na neno moja la Kiingereza likimgomea, anachomoka na Kiswahili kwa hasira. Piga hesabu sasa. Kiswahili kinaongelewa angani kwenye televisheni za Marekani mwaka 1966. Zanzibar wamepata televisheni yao miaka ya 1970. Sisi wa Bara tumekaa mpaka 1994.

"Mwaka 66," alisema mzee wa bao, "mimi nilikuwa nakwenda kusikiliza redio kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa na nongwa."

Nichols alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na aliyemsihi abaki ni Martin Luther King mwenyewe, aliyeona maana ya mwanamke mweusi kukaa pale mbele bila kubeba sinia. Sawa kabisa. Lakini pamoja na heshima zote, kazi ya Uhura yule kwa sehemu kubwa ilikuwa kushika kidude sikioni na kumwambia kapteni kwamba mawasiliano yako wazi. Operata wa simu! Uhura wa sasa, Celia Rose Gooding, ana kazi ya kufanya. Kwenye hiyo Children of the Comet, hadithi ya nyotamkia inayotaka kuigonga sayari ya watu maskini wa jangwani, wenzake wenye bunduki na vipimo wamekwama ndani ya pango la mawe, na anayelifungua jiwe ni yeye, kwa kuimba. Mwisho barafu ya nyotamkia inayeyuka na mvua inanyesha jangwani. Hapo wakulima wetu wa nyanya walipiga makofi, isipokuwa mmoja. Yeye aliuliza ni milimita ngapi. Ana haki ya kuuliza. Januari 2014 mvua ilikuja hapa Dumila na Magole ikaondoka na daraja, barabara kuu ya Dodoma ikakatika.

Ila ukinibana niseme ni kitu gani kitabaki kichwani mwangu, si Uhura wala Pike. Ni Rukiya. Daktari wa chombo, M'Benga, anaigizwa na Babs Olusanmokun, mtu wa Lagos mwenye sauti ya kubembeleza. Katika sehemu ya tatu tunagundua siri yake: ana binti mdogo, jina lake Rukiya, ana ugonjwa usio na dawa. Kwa kuwa hana dawa, kamficha ndani ya ile mashine ya kusafirisha watu. Mtoto yumo mle hana mwili, ugonjwa hausogei, na yeye hasogei. Kila baada ya muda baba anamtoa kidogo, kama mtu anayewasha simu yenye chaji moja ili asome ujumbe tu. Anamsomea kitabu cha hadithi. Mtoto anataka aongezewe ukurasa. Baba anatazama saa, anambusu, anamrudisha mashinini. Msaidizi wa kapteni, Una, anapoifumania siri, sisi wote tulijua kinachofuata: taratibu, barua, mtu kusimamishwa kazi. Badala yake anapanga mashine ile iwe na umeme wake peke yake, usizimike. Kibanda chetu kinakatikiwa umeme katikati ya penalti, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mkalimani.

Sehemu ya nane, The Elysian Kingdom, kitabu kile kinavamia chombo chote. Pike anakuwa mwoga wa kasri, Uhura malkia katili, M'Benga mfalme. Vichekesho, mavazi, upuuzi mtamu. Kumbe kuna kiumbe pweke nje huko angani kimempenda mtoto na kumjengea hadithi yake. Na kinaweza kumchukua aishi bila mwili, bila ugonjwa, lakini si kwa baba yake tena. M'Benga anamwachia. Hajamaliza hata kushusha mkono, anatokea mwanamke mtu mzima, ndiye Rukiya huyo, kwake imepita miaka, amekuja kumwambia baba alifanya sawa. Na kile kiumbe amekipa jina la mama yake.

Mama wa kahawa alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alisema "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini, akaondoka bila kudai hela ya vikombe viwili. Mimi sikumkumbusha, na hilo naomba libaki hapahapa kijiweni.

Baada ya kupanda hivyo, kushuka kupo. Adui wao mkuu, Gorn, ni mijusi inayotaga ndani ya watu, na yeyote aliyeona zile filamu za Alien atasema hii nyumba ina mlango wa nyuma kwa jirani. Kirk kijana wanamwita kila wakikosa la kusema. Msimu wa pili wana sehemu nzima, Subspace Rhapsody, ambapo hitilafu ya angani inamlazimisha kila mtu kuimba yaliyomo moyoni. Nusu ya kibanda walitoka wakidai wamewekewa muvi ya Kihindi kwa hila. Nusu, nikiwemo, tulikaa, maana Gooding ametoka kwenye majukwaa ya Broadway na akifungua koo unasamehe mengi. Msimu wa tatu, wa 2025, sikuusamehe. Utani mwingi mno. Wanageuzwa akina Spock ili tucheke namna wanavyotembea. Ah!

Turudi kwenye deni letu. Katika misimu hii mitatu wametuonesha shamba la Pike kule Montana, theluji na farasi. Wamewashusha La'an, mkuu wa usalama wa chombo, na Kirk huko Toronto, tena mtaani kabisa, wakila hotidogi. Studio zao ziko hukohuko, ndiyo hivyo. Nairobi tunaisikia kwa mdomo. Na wasituambie haiwezekani. Sense8 mwaka 2015 walimfuata dereva wa matatu Nairobi, gari limeandikwa Van Damn, vumbi la kweli na makelele ya kweli. Wanuri Kahiu, Mkenya mwenyewe, alishatengeneza Pumzi mwaka 2009, Afrika Mashariki ya kesho isiyo na maji, kwa filamu fupi tu. Kipindi cha Waingereza cha Doctor Who, kilichoanza 1963, kilimpa kiti Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, na mwaka 2025 wakamkalisha Lagos kwa kinyozi sehemu nzima. Kinyozi! Viti, wembe na watu wanaosimuliana. Gharama gani hapo?

"Kaka, ngoja," bodaboda akanikata. "Hii hadithi ni ya mwaka 2259. Nairobi ya mwaka huo nani anaijua? Wakiikosea, wewe huyohuyo utasonya."

Nitasonya, ndiyo. Lakini nisonye nimeiona.

Hapo kijiwe kikahama chote kwenda Nairobi ya 2259. Mmoja akasema matatu yataruka. Mwingine akasema yataruka lakini yatasubiri yajae. Watengenezaji wameshatangaza kwamba msimu wa tano ndio wa mwisho, nao una sehemu sita tu, kwa hiyo nafasi ya binti kupelekwa kwao ni finyu. Dereva wa Fuso, aliyekuwa amenuna tangu habari ya utingo, akafungua mdomo.

"Wakishuka Nairobi, huyo Pike mwambieni aache mwiko chomboni. Kule nyama choma."

"Na wewe uende," mama akamjibu, "ukamlipie."